Hita Inayokatika na Kurudi: Amplifaya ya Valvu Mezani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mvumo. Leo tunaingia kwenye ugonjwa unaowachosha mafundi zaidi: amplifaya ya gitaa ambayo sauti yake hupotea katikati ya ibada au dansi, kisha hurudi yenyewe kabla hujaishika bisibisi.

Hapa Thika amplifaya za valvu si nyingi. Zinazofika kwenye vibanda vya jua kali vya Makongeni au Ruiru mara nyingi ni mitumba. Lakini mji huu unatazamana na Kilimambogo, mlima ulioipa jina bendi ya marehemu Kakai Kilonzo, na gitaa la umeme si mgeni huku.

Muulize mwenye amplifaya kwanza: sauti ilikufaje? Ikiwa ilikatika ghafla na kurudi ghafla, kagua jeki, spika na waya za mawimbi. Hita ya valvu haina haraka hiyo. Kazi yake ni kupasha kathodi joto ili itoe elektroni. Umeme wa hita ukikatika, kathodi hubaki moto kwa sekunde kadhaa, kama sufuria iliyoepuliwa jikoni. Sauti hufifia, hukwaruza, ndipo hufa, na ikirudi hurudi polepole vilevile. Kuna hata valvu zinazofanya hivyo kwa zamu: uzi wa ndani ukipata moto hutanuka na kuachana, ukipoa hugusana tena. Mteja akikwambia sauti huja na kwenda kwa mpigo unaokaribia kuwa sawa, mwamini.

Kabla ya kulaumu valvu, pima umeme wa ukutani. Hita nyingi hutaka volti 6.3, na watengenezaji wa valvu kwa kawaida huruhusu tofauti ya asilimia 10 hivi. Transfoma iliyopangiwa volti 240 ikipata 200, hita hubaki na volti 5.25, na sauti hudhoofika bila kitu chochote kuharibika. Karibu na viwanda vyenye mota kubwa, pima zaidi ya mara moja, mchana na usiku. Mitumba iliyopangiwa 220 ina shida ya kinyume: kwa 240 hita hupata karibu volti 6.9, na valvu huzeeka upesi.

Umeme ukiwa sawa, hamia kwenye soketi. Hapa ndipo ninapowaona mafundi wakipoteza siku nzima, kwa sababu mita huwadanganya. Wanachomoa valvu, wanapima soketi, wanakuta 6.3 kamili, wanafunga boksi. Soketi isiyobeba mzigo haikuonyeshi lolote. Valvu ya EL34 hula ampea 1.5, kiungo chenye kutu cha nusu omu tu hupoteza volti 0.75, na joto linalozaliwa hapo huongeza kutu. Pima valvu ikiwa ndani na inawaka, pini 2 na 7, halafu linganisha na volti za kwenye transfoma yenyewe. Pengo kubwa likionekana, kosa liko njiani: lehemu iliyopasuka, waya uliolegea, au koleo za soketi zilizopanuka.

Valvu ndogo ya 12AX7 ina hila yake. Hita yake ni nusu mbili zinazokutana pini 9, na kwenye amplifaya nyingi pini 4 na 5 huunganishwa pamoja. Pini 4 ikipoteza mguso, nusu moja huzimika na nyingine huwaka. Pini 9 ikipoteza, zote mbili huwa giza. Kama kikombe cha bati kinachofunika valvu kinakuzuia kuona, pima anodi: nusu iliyopoa haivuti umeme, hivyo volti za anodi yake hupanda hadi kukaribia za chanzo.

Yote haya hufanywa karibu na volti 400 au zaidi, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Zimwage kupitia rezista, upime tena, ndipo uingize vidole. Ukigonga valvu iliyowaka, tumia kijiti kikavu, mkono mwingine mfukoni. Kisha badilisha nafasi za valvu mbili za aina moja: ugonjwa ukihama, ni valvu, ukibaki palepale, chukua chuma cha kulehemu.

Wiki ijayo: hita inayovujisha umeme kwenye kathodi.