Kweli au Si Kweli? Ngozi na Nywele Zako

Kuna mambo ya mwili ambayo watoto huyasikia kwa wenzao, kwa kinyozi, hata kwa wakubwa nyumbani. Mengine ni ya kweli. Mengine ni uongo unaoumiza watu. Soma kila kauli, jibu mwenyewe kwanza, kisha endelea na maelezo.

"Ukinyolewa kwa wembe, nywele zitaota nene na nyingi zaidi."

SI KWELI. Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Humo ndimo zilimo seli hai zinazousukuma unywele juu, takriban sentimita 1 kwa mwezi. Sehemu unayoiona nje imekwisha kufa. Ndiyo maana kinyozi akikata husikii maumivu, lakini mtu akikung'oa unywele mmoja tu, unaruka. Wembe hupita juu ya ngozi, haufiki kwenye kifuko. Mbona basi nywele zinazoota upya huparuza mkononi? Unywele ambao haujakatwa huishia kwa ncha nyembamba, na uliokatwa huwa butu. Idadi ni ileile.

"Nongo ni vumbi na matope tu."

SI KWELI. Ukiwa unaoga, ngozi ikisharowa vizuri, sugua mkono kwa kidole gumba. Utaona vijiviringo vya kijivu. Sehemu kubwa ya hivyo ni wewe mwenyewe: seli za ngozi zilizokufa, zikachanganyika na jasho, mafuta ya mwili na vumbi. Seli mpya huzaliwa chini ya tabaka la juu la ngozi, hupanda polepole, hubapa, hufa, na baada ya wiki nne hivi hubanduka. Hata mtoto anayeoga kila siku hutoa nongo, kwa hiyo asichekwe. Na usijisugue kwa nguvu mpaka ngozi ikawasha, maana tabaka hilo la seli zilizokufa ndilo linalozuia vijidudu visiingie na maji ya mwili yasitoke ovyo.

"Vidole hukunjamana majini kwa sababu vimekunywa maji."

SI KWELI. Ukikaa majini muda mrefu, neva huamuru mishipa ya damu kwenye ncha za vidole isinyae, na ngozi ya juu hujikunja. Madaktari waligundua kwamba kidole ambacho neva zake zimekatika hakikunjamani hata kikiloweshwa.

"Nywele za kipilipili hukauka upesi kuliko zilizonyooka."

KWELI. Kando ya kila kifuko kuna tezi inayotoa mafuta. Kwenye unywele ulionyooka, mafuta hayo huteremka kwa urahisi hadi nchani. Kwenye unywele uliojisokota, hukwama njiani. Msokoto wenyewe huanzia ndani ya ngozi, kwa sababu kifuko chake kimepinda. Si nywele mbaya, wala si ngumu. Zinahitaji kupakwa mafuta, na kuchanwa zikiwa na unyevu, kuanzia ncha kurudi kwenye shina.

"Watu weusi wana seli nyingi za rangi kuliko watu weupe."

SI KWELI, na wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huitwa melanosaiti, na idadi yake inakaribiana kwa watu wote duniani. Tofauti iko kwenye kazi zinayofanya: kiasi cha melanini, yaani hiyo rangi, zinachotengeneza, na aina yake. Chembe za melanini huingia kwenye seli za jirani, zikakaa juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli, ili miale mikali ya jua isikidhuru. Geuza mkono wako. Kiganja kina melanini kidogo, mgongo wa mkono una nyingi, na yote ni ngozi yako.

Kwa hiyo anayejipaka mkorogo ili awe mweupe anaiondoa kinga yake. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na bado watu huviuza kwa siri. Ukikuta kopo la namna hiyo, usijaribu.

"Ngozi nyeusi haiungui na jua."

SI KWELI. Huchelewa kuungua, lakini huungua.

"Ukicheza na mwenye ualbino utaambukizwa."

SI KWELI hata kidogo. Ualbino hurithiwa. Mtoto huzaliwa nao akipata chembe ya urithi ya ualbino kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa. Melanosaiti anazo kama wewe, ila zinatengeneza melanini kidogo sana au hazitengenezi. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingi. Wanaosema kwamba viungo vya watu wenye ualbino vina bahati au dawa wanasema uongo, na uongo huo umeua watu, watoto wakiwamo.

Anachohitaji mwenye ualbino ni kinga: kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kuzuia jua. Pale Moshi, mkoani Kilimanjaro, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Macho nayo huhitaji melanini ili yakue sawasawa, kwa hiyo wengi wao huona kwa shida vitu vya mbali. Kama yupo darasani kwenu, mwachie dawati la mbele karibu na ubao, na mwalimu akiitisha mchezo saa sita mchana, mwombe mhamie kivulini.