Nani Anachimba Ngoro?

Ukitoka Mbinga mjini na kupanda kuelekea Litembo, vilima vinabadilika sura. Kuanzia karibu na kilele hadi bondeni, shamba zima limegawanywa miraba, na kila mraba una shimo katikati na kingo nne za udongo pembeni. Ukitazama toka ng'ambo ya bonde, mteremko unaonekana kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo, wenyeji wa vilima hivi. Tangu enzi za ukoloni wataalamu wa udongo wamekuwa wakikiandika na kukisifu, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikaa na wanakijiji wakakichunguza kwa kina. Sifa hizo ni za haki. Lakini wengi wanaokisifu hueleza shimo, maji na udongo, kisha wakampita haraka mtu aliyeshika jembe. Uchumi wa kijiji cha Umatengo haueleweki bila yeye.

Milima hii iko kusini-magharibi mwa Tanzania, mkoani Ruvuma, kati ya mita 1,300 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Nyasa. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwa kawaida huzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua kama hiyo ikiangukia mteremko mkali uliolimwa sesa, udongo wa juu huondoka na maji, na mwenye shamba akabaki na changarawe.

Basi kwa nini watu walilima huko juu? Karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi ya Songea kwa vita, Wamatengo wengi walikimbilia milimani na kujibana maeneo ya Litembo, penye mapango na majabali. Watu walikuwa wengi na ardhi kidogo, tena ya mteremko. Hapakuwa na nafasi ya kufyeka msitu mpya kila baada ya miaka michache kama walivyofanya majirani wa tambarare. Ilibidi shamba lile lile liwalishe watoto na wajukuu. Wengi wanaofuatilia historia ya eneo hili wanaona kwamba ngoro ilikomaa katika dhiki hiyo.

Mgeni akiuliza mipaka ya kijiji, ataelekezwa ofisi ya mtendaji. Mipaka ya kiuchumi ni mingine, nayo ni ya ntambo: mgongo wa mlima uliokaa kati ya vijito viwili. Kwa desturi ntambo moja ilikuwa ya ukoo mmoja, toka kileleni hadi majini. Juu palibaki miti ya kuni na malisho ya mbuzi. Miteremko ilikuwa ya ngoro. Mahali palipotulia kidogo ndipo penye nyumba, zilizozungukwa na migomba na mibuni. Bondeni ni mboga na, siku hizi, mabwawa ya samaki. Wazee walikaa katika baraza lao, sengu, wakala pamoja, wakaamua nani alime wapi na ugomvi upi umalizwe vipi. Mwenye ntambo kamili alikuwa na karibu kila kitu isipokuwa chumvi, nguo na fedha.

Kazi ya ngoro huanza mvua zikielekea mwisho, mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka nyasi kwenye shamba lililopumzika na kuziacha zinyauke. Nyasi hizo hupangwa kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba ya mita moja na nusu hadi mbili hivi kila upande. Hapo wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa juu katikati ya mraba na kuutupia juu ya nyasi, mbegu za maharage hutawanywa juu ya kingo hizo changa, kisha udongo mwingine huzifunika. Katikati linabaki shimo. Maharage huvunwa kati ya Juni na Julai, na mabaki yake hutupwa shimoni. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, mahindi hupandwa kwenye kingo zile zile, na magugu ya palizi nayo huishia shimoni. Mahindi yakishavunwa shamba hupumzika hadi Machi inayofuata. Mzunguko mzima ni wa miaka miwili.

Machi hiyo mpya ndiyo yenye ufundi. Mashimo hayachimbwi pale pale; huchimbwa pale kingo za zamani zilipokutana. Kwa hiyo shimo la jana, lililojaa mabaki yaliyooza na udongo ulioteremka, linageuka kuwa sehemu ya kupandia, na ukingo uliochoka unageuka kuwa shimo. Baada ya mizunguko michache shamba lote limefinyangwa upya. Mvua inayonyesha haipati njia ndefu ya kukimbilia: inaingia kwenye shimo la karibu, inatulia, inazama polepole. Udongo unaoponyoka shimo la juu unadakwa na la chini yake. Hakuna ukuta wa mawe uliojengwa, na vifaa ni jembe na nyengo tu. Sijui mbinu nyingine ya hifadhi ya udongo nchini iliyodumu muda mrefu namna hii bila mradi wala mfadhili.

Sasa tupige hesabu ambayo ripoti nyingi huiruka. Shimo na kingo zake likichukua mita 2 kwa 2, eka moja ina mashimo yapatayo 1,000. Tukikadiria kwa uchache kwamba kila shimo hutoa theluthi moja ya mita ya ujazo ya udongo, eka moja ni mita za ujazo zaidi ya 300. Huo ni mzigo wa tipa 30, kila moja ikibeba mita za ujazo 10, uliohamishwa kwa jembe la mkono kwenye mteremko ambao hata kusimama wima ni kazi. Kwa mgawanyo wa kazi wa Umatengo, wanaouhamisha ni wanawake. Mama huyo huyo ndiye anayepanda, anayepalilia, anayeteka maji na kupika. Ninapoona ngoro ikiitwa teknolojia ya gharama nafuu, huwa nauliza: nafuu kwa nani?

Upande wa fedha kuna kahawa. Arabika ilianza kuenea hapa miaka ya 1920, na mibuni ikawa ya mwanamume kwa desturi: yeye ndiye mwenye ardhi ya urithi, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye daftari la ushirika. Ngoro inalisha nyumba. Kahawa inalipa ada za shule, mabati na matibabu. Lakini mazao haya mawili hayakukaa mbalimbali. Kwa miongo mingi mkulima alichukua mbolea, pamoja na dawa za chulebuni na kutu ya majani, kwa mkopo wa ushirika, na deni likakatwa kahawa ilipouzwa. Sehemu ya mbolea iliyotolewa kwa ajili ya mibuni ilifika kwenye mahindi.

Ndiyo maana pigo la kahawa lilisikika hadi kwenye mashimo. Mfumo wa mgao wa mauzo ya kahawa katika soko la dunia ulivunjika mwaka 1989. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ushirika wa Mbinga ukaporomoka. Wanunuzi walikuja na fedha mkononi, lakini hawakuja na mbolea ya mkopo. Bei duni za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikamalizia kilichobaki. Wapo walioacha mibuni iingiwe na magugu, na wapo waliohamia nyanda za chini upande wa mashariki kufungua mashamba katika misitu ya miombo. Huko ngoro haikuwafaa, wakalima kwa matuta. Waliobaki milimani waligawana ntambo kati ya watoto wa kiume hadi wengine wakakosa hata kipande kinachogusa kijito.

Hali imebadilika tangu hapo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyoanza kazi mwaka 2001, ina kituo Ugano, wilayani Mbinga, na miche inayostahimili chulebuni na kutu imewafikia wakulima. Kuanzia msimu wa 2018 Serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Hayo ni mambo mema. Lakini kahawa nyingi inamaanisha mikono mingi katika miezi ile ile ya kuvuna maharage na mahindi, na kahawa mbivu haisubiri: ikichumwa inatakiwa imenywe siku hiyo hiyo. Mikono inayoitwa kuchuma na kuchambua ni ile iliyochimba mashimo mwezi wa Machi. Ikizidiwa, kitakachoachwa ni ngoro, na mteremko utalimwa sesa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maofisa ugani, halmashauri na viongozi wa AMCOS za Mbinga. Mnapoandika mavuno kwa eka, andikeni na siku za kazi kwa eka, na mseme za nani. Wanawake wanaohudumia mibuni waandikishwe kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, na sehemu ya malipo ya kahawa ifike mikononi mwao, ili inapofika Machi waweze kuajiri vibarua wa kusaidia kuchimba.