Ushindi wa Mezani: Obama Alivyoingia Seneti ya Illinois

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu Barack Obama kuanzia mwaka 2004, alipochaguliwa kuingia Seneti ya Marekani, au 2008 alipotwaa urais. Ngazi yake ya kwanza ilikuwa chini zaidi: Seneti ya jimbo la Illinois, chombo chenye wajumbe 59 kinachokutana mjini Springfield. Aliipanda mwaka 1996, na kwa mtu anayetaka kuelewa watu wanavyopata uongozi wa kuchaguliwa, hakuna hatua ya maisha yake inayofundisha zaidi ya hiyo.

Masharti ya kugombea ni mepesi. Katiba ya Illinois inamtaka mgombea awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 21, na awe ameishi katika eneo lake la uchaguzi kwa miaka miwili. Haiulizi shahada wala mali. Kwa kuwa mlango uko wazi hivyo, kinachowatenganisha wagombea ni mambo mawili: nani anafahamika mitaani, na nani anazijua kanuni.

Kufahamika kulimgharimu Obama muda. Alizaliwa Honolulu mwaka 1961, baba yake akiwa Mluo kutoka Siaya, Kenya, na mama yake akitokea Kansas. Chicago alikuwa mgeni. Alifika huko 1985 kufanya kazi ya uhamasishaji wa jamii upande wa kusini wa jiji, ambako kufungwa kwa viwanda vya chuma kuliwaacha watu wengi bila ajira. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na wakazi, kusikiliza shida zao na kuwapanga wazidai haki zao wenyewe. Katika nyumba za umma za Altgeld Gardens, wakazi waliibana mamlaka ya nyumba kuhusu asbesto, madini yanayodhuru mapafu.

Mwaka 1988 alikwenda kusomea sheria Harvard. Aliporudi Chicago aliongoza, mwaka 1992, kampeni ya Project Vote iliyosaidia kuandikisha wapiga kura wapya wapatao 150,000 katika Illinois. Mwaka huohuo alimwoa Michelle Robinson, mzaliwa wa upande huohuo wa kusini, ambaye baba yake aliwahi kuwa kada wa mtaa wa chama cha Democratic. Akawa wakili wa kesi za haki za kiraia na mwalimu wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Nafasi ilijitokeza 1995. Mbunge wa upande huo wa kusini katika Bunge la taifa, Mel Reynolds, alitiwa hatiani mahakamani na kujiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo wa eneo namba 13, alikuwa tayari ameamua kuwania kiti hicho cha taifa, akamuunga mkono Obama arithi cha kwake. Lakini tarehe 28 Novemba Palmer alishindwa na Jesse Jackson Mdogo. Wafuasi wake wakamwomba Obama ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa.

Hapo ndipo kanuni zilipoingia. Ili jina liwekwe kwenye karatasi ya kura ya mchujo wa chama cha Democratic, zilihitajika saini 757 za wadhamini. Obama alirudisha fomu zake mapema, zikiwa na saini zaidi ya 3,000. Palmer alikusanya zake kwa siku chache na kurudisha fomu siku ya mwisho iliyoruhusiwa, mwezi Desemba, akiwa na saini zinazokaribia 1,600.

Mwanzoni mwa Januari 1996, watu wa Obama walikwenda katika ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago wakaketi na fomu za wapinzani, wakilinganisha jina moja baada ya jingine na daftari la wapiga kura. Huyu anaishi nje ya eneo: futa. Huyu hayumo daftarini: futa. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia saini yake: futa. Pingamizi liliwekwa dhidi ya wapinzani wake wote wanne. Palmer alijitoa, wengine watatu wakaenguliwa, mmoja wao akipungukiwa na saini 69 tu. Obama akapita mchujo wa Machi bila kupingwa. Katika eneo lililokuwa ngome ya Democratic, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha utaratibu: alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Je, ilikuwa haki? Kwa sheria, ndiyo. Kanuni ilikuwa ileile kwa wote, na aliyejiandaa aliifuata. Kwa wananchi, hapana: wanachama wa eneo namba 13 walikwenda kituoni kumchagua mwakilishi, wakakuta hawana wa kumlinganisha naye. Wakili aliyewahi kupigania watu waandikishwe kupiga kura aliingia madarakani kwa ushindi wa mezani, na sifa zake za baadaye haziondoi ukweli huo.

Somo halikuishia Illinois. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mgombea huru wa bunge la kaunti aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yake. Unayetaka kugombea, anza mapema, kusanya saini maradufu na uhakiki kila jina kabla mpinzani hajakuhakikia. Nawe mpiga kura, usisubiri siku ya kura. Fuatilia uteuzi, mchujo na mapingamizi, maana viti vingi huamuliwa huko.