Waheshimiwa, ya Marekani tumeyasikia, nyie je?

KUNA kitu kimoja kwetu sisi vijana wa Dodoma kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Muulize mtu kijiweni pale Majengo mbunge wake amewahi kusimamia sheria gani, atakuna kichwa. Lakini mtajie jaji Brett Kavanaugh wa Marekani, atakuhadithia mpaka bia aliyokuwa akinywa enzi za shule.

Haya, tuanze na hao Wamarekani basi, maana stori yao inatuhusu kuliko unavyodhani. Kule Rais akipendekeza jaji wa Mahakama ya Juu, ni lazima Seneti impigie kura. Kavanaugh alipopendekezwa 2018 akina mama walishaona kinachokuja. Hukumu ya Roe v. Wade ya 1973, iliyowapa haki ya kutoa mimba, ilikuwa inaelekea kaburini. Wakawapigia maseneta simu, wakawaandikia barua, wakajaa kwenye korido za ofisi zao mpaka polisi wakawatoa. Seneta Susan Collins wa Maine akasema ameridhika kuwa bwana huyo ataiheshimu hukumu ya zamani, akampa kura. Jamaa akapita kwa 50 dhidi ya 48. Miaka miwili baadaye akapita Amy Coney Barrett, 52 kwa 48. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama ikaifuta Roe, na hao wawili wote walikuwa upande wa wafutaji. Mama Collins sijui alijisikiaje.

Wakenya nao walishapita njia hiyo. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu, viongozi wa makanisa walimjia juu, hereni yake ikawa gumzo nchi nzima, na bado Bunge lao likampitisha.

Sisi je? Hapa Bongo hatuna sinema hiyo. Katiba yetu inasema Rais ndiye anayeteua majaji wa Mahakama Kuu, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mbunge hapigi kura. Kwa hiyo huwezi kumsimamisha mheshimiwa pale Chako ni Chako, kuku mkononi, ukamwambia amkatae jaji fulani. Atakucheka.

Lakini mheshimiwa huyo huyo ana kitu kikubwa kuliko kura ya jaji. Ana sheria yenyewe.

Sheria yenyewe ni Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa na Mwingereza na kuanza kutumika 1945. Kifungu cha 150 kinasema anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, jela miaka 14. Cha 151 kinamgeukia mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152 kinamfuata aliyetoa dawa au kifaa, miaka 3. Mlango ulioachwa wazi ni mmoja tu, kifungu cha 230, kinachomkinga daktari akifanya upasuaji ili kuokoa maisha ya mama. Mwingereza mwenyewe kwake alishalegeza tangu 1967. Sisi tumebaki na koti lake la zamani, tunatoka nalo jasho kwenye jua la Dodoma.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Chukua binti wa miaka 14, ametolewa kijijini huko Mpwapwa au Bahi kuja mjini kuwa hausigeli. Baba mwenye nyumba anamwingilia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iko wazi, binti wa umri huo hata akisema ndiyo haihesabiki, huo ni ubakaji, na kifungo chake si chini ya miaka 30. Safi kabisa, tunapiga makofi. Binti akikutwa na mimba je? Sheria ile ile inayosema hakuwa na uwezo wa kukubali kulala na mwanamume inamtaka aibebe mimba ya huyo mwanamume, na akienda kuichoropoa, miaka 7 inamsubiri. Mbakaji anaweza akapanda basi usiku akapotelea zake Dar. Mimba haipandi basi.

Ukisoma historia utashangaa zaidi. Mwaka 1938 kule London, daktari bingwa Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari wa jeshi. Akawaita polisi mwenyewe, akashtakiwa, akaachiwa. Jaji alisema kuokoa maisha ya mama si kuzuia kifo tu, hata kumwacha binti awe mtu wa kuharibikiwa mwili na akili kunahesabika. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki nayo ikafuata mkondo huo. Lakini hayo yamelala kwenye vitabu vya mawakili. Daktari wa wilayani anayefungua Kanuni ya Adhabu hakuti neno ubakaji kwenye kifungu cha 230, anaona jela tu, anafunga kitabu. Simlaumu sana. Ana watoto wa kusomesha.

Na waheshimiwa wasiseme hawajawahi kuahidi. Kuna Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika. Ibara ya 14 inazitaka nchi ziruhusu mimba kutolewa hospitalini pale mwanamke alipobakwa, alipoingiliwa na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha maisha au afya yake, ya mwili na ya akili. Kenya na Uganda ziliridhia lakini zikaikwepa sehemu hiyo. Tanzania iliridhia 2007 na haikuikwepa. Na kwa Katiba yetu, mikataba ya namna hiyo inaridhiwa na nani? Na Bunge! Hilo hilo la hapa hapa. Rwanda 2018 waliandika sababu hizo kwenye sheria yao, na Kongo mwaka huo huo wakaichapa itifaki kwenye gazeti la serikali. Sisi tukaiweka kabatini.

Wakati iko kabatini, mtaani mambo yanaendelea. Watafiti, wakiwemo wa Muhimbili, walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa Tanzania. Wanawake 66,600 walifika hospitali mwaka huo kutibiwa madhara. Kwa hiyo miaka 14 haijamtisha mtu, imemhamisha tu kutoka kwa daktari kumpeleka uchochoroni, kwenye mizizi, na vidonge vya kununua kwa kunong'ona. (Dada yangu, ukitokwa damu nyingi au homa ikapanda, usijifungie chumbani kwa aibu. Kutibiwa mimba iliyoharibika si kosa, nenda hospitali leo hii.)

Najua masheikh na wachungaji wananisubiri kwa hamu. Shikamooni wazee wangu. Sijasema mtu alazimishwe. Muumini atakayeamua kuzaa, azae, tumsaidie na nepi. Nazungumzia yule aliyebakwa, anayetaka msaada wa daktari, na anayekutana na pingu. Hapo hata wazee wangu mkikaa faraghani naamini hamtasema neno moja.

Wengine wananiambia twende mahakamani. Rebeca Gyumi alikwenda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 ikashindwa tena. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, wa tatu, sheria haijaguswa. Ukishinda kwa majaji, kesi inarudi pale pale kwenye viti vya kijani.

Na msitafute kisingizio cha wanaume. Bunge hili limeshaongozwa na Anne Makinda, 2010 mpaka 2015, na Tulia Ackson, 2022 mpaka 2025. Akina mama wa viti maalumu wamejaa humo, khanga zinapendeza. Yeyote kati yao anaweza kupeleka muswada binafsi, kanuni zinamruhusu. Aongeze maneno machache tu kwenye kifungu cha 230: ubakaji, ndugu wa damu, afya ya mama.

Kikao cha bajeti kinaanza Aprili, na mji unajaa mashangingi kuanzia Area D mpaka Kisasa. Usimwombe mheshimiwa soda. Muulize kama kifungu cha 230 anakijua kinasemaje, halafu muulize binti wa hausigeli nyumbani kwake anaitwa nani.