Usingizi wa Upasuaji Haupozwi kwa Maziwa

"Daktari, hiyo dawa ya usingizi haitanizidi nguvu?" Swali hili nimelichoka, na mkia wake nimeuchoka zaidi: "Maana mama kanipa kikombe cha maziwa, ili ipoe kidogo." Hapo upasuaji unaahirishwa, ndugu wananuna, na mwenye roho mbaya nakuwa mimi.

Tuanze na hayo maziwa. Dawa ya kukulaza, mara nyingi propofoli au ketamini, naichoma kwenye mshipa wa mkono, na kwa kawaida haimalizi dakika moja kabla hujalala. Tumboni haipiti. Maziwa aliyokupa mama na dawa yangu havikutani popote, sasa kinapozwa nini? Yakifika tumboni maziwa huganda, ndiyo maana tunayahesabu kama chakula: saa 6. Uji nao ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani. Usiniambie "nimekunywa tu".

Mtu akishalala nusu kaputi, mlango wa juu wa mfuko wa chakula unalegea, na kile kikohozi cha kumwokoa akipaliwa kinazimika. Kilichomo tumboni kinapanda taratibu hadi kooni, kisha kinateremkia mapafuni. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu ya wajawazito 44,016: wanawake 66 walipaliwa na vya tumboni wakiwa wamelazwa usingizi wakati wa kujifungua. Wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula kigumu. Hakuna aliyeuawa na dawa kali iliyokosa maziwa.

Na hilo la dawa "kuzidi" watu wanalielewa kinyume. Ninapotaka kukuwekea mrija kooni nakupa dawa ya kulegeza misuli, na kupumua kwako kunakoma kabisa. Nimekukomesha mimi, kwa makusudi. Tangu hapo nakupumulia kwa kubinya mfuko au kwa mashine. Dawa ya usingizi ikizidi kweli, presha inashuka. Naiona kwenye skrini, naipunguza, nakuongezea maji ya mshipani au dawa ya kupandisha presha. Ninachokiogopa ni oksijeni kutofika kwa dakika chache bila mtu kugundua. Vyombo vyote vilivyojazana kichwani kwa mgonjwa vipo kwa ajili ya dakika hizo.

Kibanio cha kidoleni, yaani oksimita, mnakijua tangu enzi za korona. Kina taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, na kinapima jinsi damu inavyozinyonya. Wazo hilo ni la Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Mlio wake hushuka kadiri oksijeni inavyopungua, kwa hiyo hata nikiwa nimekupa mgongo nasikia hali yako. Lakini kibanio huchelewa kusema. Kabla hujalala nakuvutisha oksijeni tupu kwa dakika 3 hivi. Ukiwa umeshiba oksijeni hiyo, unaweza kukaa dakika kadhaa bila pumzi huku kidole kinasoma 99.

Sasa chukulia mrija umekosea njia. Tundu la hewa na umio vimepakana, na penye damu, uvimbe au shingo fupi, hata mkono mzoefu hukosea. Mrija ukiingia kwenye umio, kidole bado kinasoma 99. Kifua kinaweza kuonekana kinapanda. Stetoskopu nayo hudanganya. Anayesema kweli mapema ni kapnografu, inayopima hewa chafu unayoitoa: kila pumzi inachora kilima kwenye skrini, na kawaida kilele chake hufika milimita 35 hadi 45 za zebaki. Mstari ukilala, mrija unatoka. Hatubishani, hatusubiri kidole kishuke. Hospitali zetu nyingi bado hazina chombo hiki, na sijawahi kuona ndugu akikiuliza, wanauliza maziwa.

Haya, ya kufanya. Chakula chepesi, saa 6 kabla. Chenye mafuta, saa 8. Mtoto anayenyonya, saa 4 tangu ziwa la mwisho. Maji matupu, saa 2, ukiwa hujaambiwa vingine. Meno bandia vua, jino linalolegea taja. Rangi ya kucha ifutwe. Bibi harusi mwenye piko aseme mapema, maana piko nyeusi inaweza kuvuruga kibanio, tukiweke sikioni. Kama unakoroma sana, una pumu, au uliwahi kuambiwa kuwa mrija ulikusumbua, nitajie kabla. Uliza nani atakaa kichwani kwako mwanzo hadi mwisho, na kama oksimita na kapnografu zipo. Koo kuwasha siku moja mbili ni kawaida. Upasuaji ukiwa chini ya kitovu, uliza kama sindano ya mgongo inafaa; nayo inataka tumbo tupu vilevile, na madai kwamba inavunja mgongo tutayagombania siku nyingine.

Na kama umekula, sema umekula. Sitakugombeza. Upasuaji wa kupangwa utasubiri. Wa dharura tutaufanya hivyohivyo, ila nitakulaza kwa namna nyingine: dawa zikifuatana haraka, mrija ukiingia upesi, na mpira wa mashine ya kufyonza ukiwa tayari chini ya mto, umeshawashwa.