Bangi: Sheria hulegezwa au kukazwa, mzigo husalia kwa mzazi

MJADALA kuhusu kuhalalishwa kwa bangi hupamba moto humu nchini kila uchaguzi unapokaribia, kisha hufifia. Lakini kwa mzazi wa Katito, eneo la Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, ambaye mwanawe amezoea kuvuta njaga, swali ni jingine kabisa: afanye nini kijana arudipo nyumbani jioni akiwa amelewa?

Katito ni njia panda. Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii na Migori hadi mpakani Isebania hupita hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Katika mji kama huo, mzazi hawezi kuchunga kila kinachoshushwa wala kila anayekutana na mwanawe.

Utafiti wa mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya nchini, NACADA, uliotolewa mwaka 2022, ulibaini kuwa Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi. Hiyo ni asilimia 1.9 ya watu wa umri huo, takriban maradufu ya kiwango cha mwaka 2017.

Ongezeko hilo lilitokea wakati sheria ilikuwa kali. Chini ya sheria ya mwaka 1994, aliyepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe alikabiliwa na kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi Sh100,000. Mswada wa kuhalalisha mmea huo uliopendekezwa mwaka 2018 na mbunge wa Kibra, Ken Okoth, haukufua dafu. Naye alifariki Julai 2019.

Je, sheria ikilegezwa vijana watazama zaidi? Ushahidi wa ughaibuni hauthibitishi hofu hiyo moja kwa moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la JAMA Pediatrics, uliotumia takwimu za wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani za kuanzia 1993 hadi 2017, haukupata ongezeko la matumizi miongoni mwao katika majimbo yaliyowaruhusu watu wazima kuvuta bangi.

Hata hivyo, kulegeza sheria si dawa. Nchini Canada, iliyohalalisha bangi Oktoba 2018, madaktari walishuhudia watoto wadogo zaidi wakilazwa hospitalini baada ya kula peremende na keki zilizotiwa bangi. Isitoshe, ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na anayeanza mapema hujiweka katika hatari zaidi ya uraibu na maradhi ya akili.

Ureno ilichukua njia ya kati. Tangu Julai 2001, anayenaswa na kiasi kidogo hapelekwi mahakamani, bali mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye matibabu.

Pasipo jopo kama hilo, mzazi wa Nyakach hujikuta kati ya mambo mawili: kunyamaza au kuita polisi. Akiita polisi, kijana aliyetimiza miaka 18 anaweza kuishia gerezani. Aliye chini ya umri huo hawezi kuhukumiwa kifungo, lakini kesi humwandama.

Ipo njia ya tatu. Mtaalamu wa saikolojia Robert Meyers wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, aliasisi mafunzo yaitwayo CRAFT, yanayomlenga jamaa badala ya mraibu. Katika utafiti wa mwaka 1999 kuhusu walevi wa pombe waliokataa matibabu, asilimia 64 ya wale ambao jamaa zao walifunzwa mbinu hiyo walikubali kutibiwa. Pale familia ilipofunzwa kumkabili mlevi kwa pamoja, ni asilimia 30 tu. Mwaka 2007, wazazi 42 wa vijana watumiao dawa za kulevya walifunzwa vivyo hivyo. Asilimia 71 ya vijana hao walianza matibabu.

Mbinu zenyewe si ngumu. Mzazi huchunguza ni lini, na nani na kwa sababu gani kijana huvuta. Siku asiyovuta, humwonyesha furaha: humpikia akipendacho, humketisha na kuzungumza naye. Siku anayovuta, hujitenga naye bila matusi wala kipigo, na hamlipii deni alilojitakia. Suala la matibabu hulizusha kijana akiwa timamu, na hasa anapojutia jambo.

Aidha, mzazi hutakiwa kujitunza mwenyewe, na kuondoka mara moja palipo na tishio la vurugu.

Ushauri nasaha hutolewa bila malipo kupitia nambari ya NACADA, 1192, na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ina huduma za afya ya akili. Simu hiyo mzazi anaweza kuipiga hata kama kijana bado amekataa katakata kutibiwa.