Jicho la askari, kalamu ya mwandishi

Aprili 2011, mji wa Misrata nchini Libya ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Gaddafi. Serikali yake ilikana katakata kwamba inarusha mabomu ya mtawanyiko kwenye makazi ya watu. C.J. Chivers wa gazeti la New York Times alikagua mabaki ya vyuma mitaani, akasoma maandishi yake: bomu la mota la milimita 120, limetengenezwa Hispania, mwaka 2007. Bomu moja la aina hiyo hubeba vibomu 21 ndani yake.

Jicho hilo Chivers alilipata jeshini. Alikuwa ofisa wa askari wa miguu wa Marines wa Marekani tangu 1988 hadi 1994, na Vita vya Ghuba alikuwamo. Alipovua gwanda alisomea uandishi Chuo Kikuu cha Columbia, akaanzia gazeti la mkoani.

Wapo wanaoamini kwamba askari akishika kalamu atalitetea jeshi lake tu. Mimi sikubali. Oktoba 2014 Chivers huyohuyo alifichua kwamba askari wa Marekani walidhurika Iraq kwa makombora ya zamani ya sumu, na baadhi wakaamriwa wanyamaze. Alianza na askari 17. Baadaye kumbukumbu za jeshi lenyewe zikaonyesha zaidi ya 600 waliosema wanaamini sumu hiyo iliwafikia. Majeruhi walimfungukia, na maisha ya kambini aliyajua.

Sisi wa Segese, huku Kahama, tulimhitaji mtu kama huyo miaka ya themanini mwanzoni. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, silaha za kivita zikazagaa Usukumani, wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi wa bunduki. Watu wakaunda sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji: upinde, mishale, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinatoka. Habari za sungusungu zimeandikwa sana. Za bunduki zile, kidogo mno, wakati bunduki ya jeshi kwa kawaida ina namba iliyochongwa kwenye chuma, na namba hiyo husaidia kujua ilikotoka.

Wastaafu wa jeshi letu, JWTZ, tunaishi nao vijijini. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inawabana wasitoe siri, na wanaiheshimu. Lakini kumfundisha mwandishi kijana kutofautisha ganda la risasi la SMG, bunduki ya kivita, na la bunduki ya kuwindia si siri ya nchi. Wahariri wa Kahama na Shinyanga wawaite wazee hawa sasa, wangali hai.